Urithi wa Patrice Lumumba: Waziri Mkuu wa Siku 67 na Deni la Utawala Unaowajibika

Mawaziri wakuu wengi wamepita Kongo tangu uhuru wa mwaka 1960, na wengi wao walikaa madarakani muda mrefu kuliko Patrice Emery Lumumba, lakini hakuna hata mmoja ambaye jina lake limedumu katika vitabu vya shule, katika sikukuu za taifa na katika mabishano ya siasa kama jina la Lumumba lilivyodumu. Kati ya tarehe 30 Juni 1960, siku nchi ilipopata uhuru, na tarehe 5 Septemba mwaka huohuo, siku alipotangaziwa kuachishwa kazi, zilipita siku 67 tu. Katika muda huo hakuna mpango wa maendeleo uliokamilika wala barabara iliyojengwa, na jeshi lilikuwa limekwisha asi kabla ya wiki ya kwanza kumalizika. Urithi wake, kwa hiyo, hauwezi kupimwa kwa kazi alizozimaliza. Lazima upimwe kwa mambo aliyoyaanzisha, kwa namna alivyoondolewa, na kwa jinsi vizazi vilivyofuata vilivyolitumia jina lake kwa mema na kwa mabaya.

Urithi wa umma, kwa maana inayotumika hapa, ni yale ambayo kiongozi anayaacha nyuma na ambayo yanaendelea kuongoza maisha ya nchi hata pale ambapo watu wamekwisha sahau chanzo chake: alama za kumbukumbu, fikra kuhusu taifa, desturi za utawala, na pia madai ambayo hayajalipwa. Uchambuzi huu unayatazama mambo hayo kutoka Butembo na Beni, miji miwili mikubwa ya eneo la kaskazini la Kivu Kaskazini ambalo wenyeji hulijua kwa jina la Grand Nord. Kuyatazama kutoka huko kuna faida, kwa sababu karibu kila swali lililomwangusha Lumumba, yaani umoja wa nchi, nidhamu ya jeshi, majeshi ya Umoja wa Mataifa na haki ya raia ya kuwachagua na kuwaondoa wanaowatawala, bado linaulizwa kila siku katika komine ya Mususa na katika komine nyingine tatu za Butembo, ambazo ni Bulengera, Kimemi na Vulamba, kama linavyoulizwa Beni.

Mtu na cheo chake

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, huko Sankuru. Alifanya kazi Kindu, kisha akawa karani wa posta Stanleyville, mji ambao sasa unaitwa Kisangani, na katika miaka hiyo ya mashariki akazoea kuwahutubia watu kwa Kiswahili pamoja na Kifaransa na Kilingala. Alihukumiwa kifungo kwa kosa la fedha za posta, na alipotoka alihamia Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, akafanya kazi katika kampuni ya bia. Mwezi Oktoba 1958 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha MNC, kilichotofautiana na vyama vingi vya wakati ule kwa kutafuta wanachama katika kila jimbo bila kujali kabila. Katika uchaguzi wa Mei 1960, tawi la chama hicho lililomfuata lilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote katika Baraza la Wawakilishi lenye viti 137.

Wingi huo haukutosha kutawala peke yake, hivyo aliunda serikali ya muungano wa vyama vingi, ambamo alikuwamo Anicet Kashamura, kiongozi wa chama cha CEREA kilichokuwa na nguvu Kivu, naye akapewa wizara ya habari. Tarehe 23 Juni usiku, Baraza la Wawakilishi liliipa serikali hiyo imani kwa kura 74, na Seneti ikafuata. Tendo hilo la bunge halina mvuto wa hotuba aliyoitoa wiki moja baadaye mbele ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji, hotuba iliyotaja waziwazi matusi, mapigo na unyang'anyi wa ardhi chini ya ukoloni, na ambayo ndiyo watu wanayoikumbuka zaidi. Hata hivyo, ni kura 74 zilizompa haki ya kusimama pale na kuzungumza kwa niaba ya nchi, na uchambuzi wowote unaoanza na hotuba ukaziacha kura huwa umeanzia katikati ya habari.

Kumbukumbu zilizojengwa na serikali

Sehemu ya urithi inayoonekana haraka ni ile iliyojengwa kwa mawe, majina na tarehe. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 huko Katanga pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, na habari za kifo chake zilitangazwa tarehe 13 Februari, jambo lililowatia uchungu watu kuanzia Kairo hadi New York. Siku tisa baadaye chuo kikuu cha Moscow kilichokuwa kinawapokea wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kikapewa jina lake; jina hilo liliondolewa mwaka 1992 na kurudishwa mwaka 2023. Katika Afrika Mashariki, Dar es Salaam ina Mtaa wa Lumumba, Zanzibar ina shule ya sekondari ya Lumumba, na Chuo Kikuu cha Makerere kina bweni lenye jina hilo. Brussels yenyewe, mji mkuu wa nchi iliyomtawala, ilifungua uwanja mdogo wa Lumumba tarehe 30 Juni 2018, jirani na mtaa wa Matonge ambako Wakongo wengi hukutana.

Ndani ya Kongo, aliyemtangaza kuwa shujaa wa taifa ni rais Mobutu, mwaka 1966, yaani mtu yuleyule ambaye mwezi Septemba 1960 aliitumia nguvu ya jeshi kumzuia waziri mkuu na bunge lake wasifanye kazi. Tangazo hilo linafundisha jambo zito kuhusu kumbukumbu za serikali: mtawala anaweza kumheshimu marehemu ili azichukue heshima zake na kuyazika madai yake. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wa 1966, Mobutu alikifuta kabisa cheo cha waziri mkuu, na kwa miaka zaidi ya kumi nchi iliyomwita Lumumba shujaa haikuwa na mtu yeyote mwenye kazi aliyoifanya Lumumba. Jina lilibaki, cheo kikaondoka.

Tarehe 17 Januari sasa ni siku ya mapumziko nchini kote, na mwaka 2013 serikali iliamuru kuanzishwa kwa mji wa Lumumbaville katika eneo alikozaliwa. Tukio kubwa zaidi lilikuwa la mwaka 2022. Mwili wa Lumumba ulikuwa umekatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali na polisi wa Kibelgiji, Gérard Soete, ambaye baadaye alikiri mwenyewe kwamba alibaki na meno. Jino moja lilichukuliwa na vyombo vya sheria vya Ubelgiji kutoka kwa familia ya Soete mwaka 2016, likakabidhiwa kwa watoto wa marehemu tarehe 20 Juni 2022, likapitishwa Sankuru, Kisangani na Katanga, kisha likazikwa Kinshasa, katika mnara wa Limete, tarehe 30 Juni. Jeneza la ukubwa wa kawaida lilibeba kipande kimoja cha mwili, na watu walilipokea kwa vilio vya msiba ambao uliwangoja miaka 61.

Kumbukumbu hizi zina uhai wake nje ya mikono ya serikali. Wachoraji wa Katanga, akiwamo Tshibumba Kanda Matulu katika miaka ya 1970, walimchora Lumumba tena na tena kwa wateja wa kawaida waliotundika picha hizo sebuleni, na katika michuano ya Kombe la Mataifa ya Afrika iliyoanza Morocco mwezi Desemba 2025, shabiki mmoja wa timu ya taifa alisimama juu ya kibao mchezo mzima bila kutikisika, mkono wa kulia ukiwa umeinuliwa kama wa sanamu ya Limete. Bara zima lilimtambua aliyeigwa bila kuhitaji maelezo. Kwa upande wa alama, basi, urithi wa Lumumba uko salama.

Umoja wa nchi

Tabaka la pili ni fikra ya kwamba Kongo ni nchi moja isiyogawanywa. Mwaka 1960 fikra hiyo haikuwa jambo la kawaida; viongozi wengi walitaka shirikisho, yaani mpangilio ambao kila jimbo lingekuwa na serikali yenye mamlaka makubwa na mali yake, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alivuka hata mpaka huo akatangaza kujitenga kwa Katanga, akiungwa mkono na maofisa wa Kibelgiji na kampuni za madini. Lumumba alilichukua shauri hilo kama la kufa na kupona. Baada ya kukamatwa kwake, naibu wake Antoine Gizenga alianzisha serikali Stanleyville iliyojiita halali, na mwishoni mwa Desemba 1960 askari wake waliingia Bukavu, hivyo Kivu ikawa kwa miezi kadhaa sehemu ya nchi iliyotawaliwa kwa jina la waziri mkuu aliyekuwa kifungoni na kisha marehemu.

Grand Nord imeijaribu fikra hiyo kwa njia ngumu. Kati ya 1999 na 2003, wakati wa vita vilivyoigawa nchi, Beni na Butembo zilikuwa chini ya RCD/K-ML, kundi lililosaidiwa na Uganda na baadaye kuongozwa na Mbusa Nyamwisi, likiwa na utawala wake na kodi zake. Biashara ilielekea mashariki, kupitia Kasindi, kuliko Kinshasa ambayo haikufikika kwa barabara. Kabla ya hapo wakaaji walikuwa wamekwisha zoea kujitegemea: chini ya askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, watu walitengeneza barabara kwa michango na kwa salongo, yaani kazi ya pamoja ya hiari au ya lazima, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kikazaliwa mwaka 1989. Mji uliojengwa hivyo na wafanyabiashara wake na kanisa lake ungeweza kwa urahisi kufikiri kwamba hauihitaji Kongo. Vita vilipokwisha, hata hivyo, madai yaliyosikika huko yalikuwa ya kurudishiwa serikali ya nchi nzima yenye shule, mahakama na jeshi la kweli, na hilo ni ushahidi kwamba umoja ulikuwa umeota mizizi mbali na mdomo wa serikali kuu.

Jaribio la sasa ni kali zaidi. Goma, makao makuu ya Kivu Kaskazini, ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na utawala wa jimbo ukahamishiwa Beni kwa muda. Mji uliokuwa pembezoni ukajikuta ndio unaobeba bendera ya serikali katika jimbo lililokatwa vipande viwili. Anayeishi kati ya Kanyabayonga na Beni hahitaji kusoma vitabu ili aelewe kwa nini Lumumba aliona kujitenga kwa Katanga kama kisu shingoni mwa nchi.

Jina lililobebwa na silaha

Uaminifu unadai kutaja upande wenye giza. Mwaka 1964 waasi wa Simba, ambao viongozi wao wengi walikuwa wafuasi wa Lumumba, waliteka nusu ya nchi na kufika mpaka eneo la Beni na Lubero. Walipigana kwa jina lake, na huko Stanleyville, mbele ya mnara uliojengwa kwa kumbukumbu yake, waliwaua hadharani makarani, walimu na maofisa kwa sababu tu walikuwa wamesoma au waliitumikia serikali. Lumumba mwenyewe alikuwa karani. Mahali palipowekwa kwa heshima ya mtu wa aina ile palitumika kuwamaliza watu wa aina ileile, na hilo linatosha kuonyesha jinsi jina linavyoweza kuhamishwa kabisa kutoka katika maana yake.

Tangu hapo, makundi ya silaha ya mashariki hayajaacha kujipamba kwa msamiati wa ukombozi na kupenda nchi, kuanzia Mai-Mai wa miaka ya 1990 hadi makundi ambayo leo yanaitwa Wazalendo na yanapigana upande wa jeshi la serikali. Wapo kati yao vijana waliochukua silaha kwa sababu vijiji vyao vilishambuliwa na hapakuwa na askari wa kuwalinda, na dhamira yao haifai kudharauliwa. Lakini uzalendo wenye vizuizi vya barabarani na kodi isiyo na risiti haujatokana na kura 74 za mwaka 1960, na wanaomtaja Lumumba wanapaswa kuukataa waziwazi.

Wala Lumumba mwenyewe hakuwa bila hatia katika jambo hili. Mwezi Agosti 1960 alitangaza hali ya dharura, akabana magazeti na mikutano, na akatuma jeshi lisilo na nidhamu kuizima Kasai Kusini iliyokuwa imejitenga. Askari hao waliwaua raia wengi wa Kiluba huko Bakwanga, ambayo leo ni Mbuji-Mayi. Waziri mkuu ambaye pia alikuwa waziri wa ulinzi hawezi kuondolewa katika hesabu hiyo. Anayetaka kumheshimu kikamilifu lazima aikubali sura hii pamoja na nyingine, maana kumbukumbu inayoficha mauaji ya Bakwanga haiwezi kuwa na haki ya kulia juu ya mauaji ya Beni.

Wageni waliokuja kusaidia

Lumumba na rais Joseph Kasavubu ndio walioomba msaada wa Umoja wa Mataifa mwezi Julai 1960, baada ya askari wa Ubelgiji kuingia tena nchini bila idhini. Baraza la Usalama lilikubali tarehe 14 Julai, na jeshi la ONUC likafika kwa haraka iliyowashangaza wengi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo ilivyotarajiwa. Waziri mkuu alidhani jeshi hilo litamsaidia kuirudisha Katanga. Katibu mkuu Dag Hammarskjöld aliona kwamba halina ruhusa ya kuingilia ugomvi wa ndani. Tofauti hiyo kuhusu maana ya kulinda ndiyo iliyovunja imani kati yao, na Lumumba akageukia Umoja wa Kisoveti kutafuta ndege na malori, hatua iliyowapa adui zake sababu waliyoingoja.

Zaidi ya nusu karne baadaye ugomvi huohuo umerudi Grand Nord karibu kwa sura ileile. Mauaji ya raia katika eneo la Beni, ambayo kwa sehemu kubwa yanahusishwa na waasi wa ADF wenye asili ya Uganda, yalianza mwezi Oktoba 2014 na hayajakoma, huku kambi za MONUSCO, jeshi la Umoja wa Mataifa la kizazi hiki, zikiwa umbali mfupi kutoka vijiji vinavyochomwa. Mwezi Novemba 2019 vijana wa Beni waliishambulia kambi ya jeshi hilo na kuichoma ofisi ya meya, na tarehe 26 Julai 2022 maandamano ya Butembo yaliishia katika vifo vya raia na vya watumishi watatu wa MONUSCO. Walioandamana walikuwa wanauliza swali la mwaka 1960: jeshi lililokuja kulinda linamlinda nani, na ni nani anayeweza kulitaka jibu? Lumumba hakupata jibu la swali hilo, na yeyote anayedai kulipata leo kwa mawe na moto anarudia kushindwa kwake bila kujifunza.

Siku nne za Septemba

Sehemu ya urithi iliyo nzito kuliko zote ndiyo inayosimuliwa kidogo kuliko zote, nayo ni habari ya jinsi alivyoondolewa. Nchi ilitawaliwa wakati huo na Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960, iliyotungwa na bunge la Ubelgiji, ambayo kwa upande mmoja ilisema kwamba rais humteua na kumwachisha waziri mkuu, na kwa upande mwingine ikaiweka serikali chini ya uwajibikaji wa bunge, yaani bunge ndilo huipa imani na ndilo huiondolea. Jioni ya tarehe 5 Septemba Kasavubu alitangaza kwa redio kwamba amemwachisha Lumumba, na tangazo lake likatiwa saini na mawaziri wawili tu, Justin Bomboko na Albert Delvaux. Lumumba naye akaenda kwenye redio hiyohiyo akatangaza kwamba amemwondoa rais, mamlaka ambayo sheria haikumpa kabisa.

Tarehe 7 Septemba Baraza la Wawakilishi lilikutana kulishughulikia jambo hilo, na kwa kura 60 dhidi ya 19 likayafuta matangazo yote mawili. Uamuzi huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Bunge changa, lenye umri wa miezi michache, lililojaa watu ambao hawakuwahi kuruhusiwa kupiga kura kabla ya mwaka 1957, halikumpa ushindi mtu wake wala halikumpa ushindi rais. Lilisema kwamba hakuna kati ya wakubwa hao wawili aliye juu ya taratibu. Seneti nayo ilikataa kuachishwa kwa waziri mkuu siku iliyofuata. Hapo ndipo Kongo ilipokaribia zaidi utawala wa sheria katika mwaka ule, na hapo ndipo ilipozuiwa, kwa sababu tarehe 14 Septemba Mobutu alitangaza kwamba jeshi limewasimamisha wanasiasa wote na bunge likafungwa. Walioliunga mkono tendo hilo kutoka Brussels na Washington walizungumza juu ya kuzuia ukomunisti. Walichokizuia kwa vitendo ni kura ya wabunge.

Tangu siku hiyo historia ya cheo cha waziri mkuu imekuwa historia ya jambo hilohilo. Mobutu alikifuta mwaka 1966, akakirudisha kwa jina jingine mwaka 1977 bila kukipa nguvu. Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Étienne Tshisekedi mwezi Agosti 1992, lakini rais hakumwacha atawale. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ndiyo iliyorudisha kanuni yenyewe, kwa kuamuru kwamba waziri mkuu atoke katika wingi wa wabunge na serikali iwajibike mbele ya Bunge la Taifa, na wa kwanza kushika cheo hicho chini yake alikuwa Antoine Gizenga, naibu wa Lumumba wa mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 81. Mwezi Januari 2021 kura 367 za wabunge ziliiangusha serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Hata wanaodai, kwa haki, kwamba nyuma ya kura hizo kulikuwa na mashindano ya wakubwa, hawawezi kukana kwamba safari hii waziri mkuu aliondoka madarakani kwa kura ya bunge na kurudi nyumbani.

Lakini kanuni ile haijafika Grand Nord ikiwa nzima. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi wa rais, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura hadi mwezi Machi, kwa sababu ya ukosefu wa usalama na ya Ebola iliyokuwa imezuka Mangina mwezi Agosti. Masoko, makanisa na shule vilikuwa vinaendelea. Tarehe 30 Desemba wakaaji wa Beni walipanga foleni kwa maelfu katika kituo walichokitengeneza wenyewe, wakanawa mikono kwanza kama kanuni za afya zilivyodai, kisha wakatumbukiza karatasi ambazo walijua hakuna atakayezihesabu Kinshasa. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Miji hiyo miwili iliwachagua wabunge wake tarehe 31 Machi, rais akiwa amekwisha kaa ofisini zaidi ya miezi miwili.

Kisha, tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu Kaskazini na Ituri zikawekwa chini ya utawala wa kijeshi, hatua ya pekee ambayo katiba inaikubali kwa siku 30 na kuruhusu bunge liiongeze kwa vipindi vya siku 15. Magavana wa kiraia waliondolewa, wanajeshi na polisi wakaketi mahali pa viongozi wa jimbo na wa miji, na mahakama za kijeshi zikapewa kesi za raia. Kipindi cha siku 15 kimeongezwa mara nyingi kiasi kwamba jambo la dharura limekuwa ndiyo desturi, wakati mauaji ambayo lilikusudiwa kuyakomesha yameendelea. Katika hali hiyo mkaaji wa Mususa hana diwani, meya wala gavana aliyetokana na kura yake ambaye anaweza kumwita kujibu.

Haki iliyochelewa

Limebaki suala la haki kwa mauaji yenyewe. Baada ya kitabu cha mtafiti Ludo De Witte cha mwaka 1999 kuonyesha jinsi maofisa wa Kibelgiji walivyohusika, bunge la Ubelgiji liliunda tume ya uchunguzi ambayo mwaka 2001 ilitamka kwamba baadhi ya wajumbe wa serikali ya Ubelgiji ya wakati ule wana wajibu wa kimaadili katika mambo yaliyosababisha kifo hicho, na mwaka 2002 waziri wa mambo ya nje, Louis Michel, akaomba radhi. Familia ilifungua mashtaka mwaka 2011. Mwezi Juni 2025 waendesha mashtaka wa Brussels waliomba mwanadiplomasia wa zamani mwenye umri wa miaka zaidi ya 90, aliyebaki hai peke yake kati ya walioshtakiwa, afikishwe mahakamani. Wajibu wa kimaadili ni maneno yasiyomfunga mtu, na watu wa Beni, ambao nao wanazika jamaa zao bila kujua ni nani aliyetoa amri, wanaelewa vizuri tofauti kati ya kuombwa radhi na kuonyeshwa aliyehusika.

Hukumu

Ukijumlisha mambo haya yote, urithi wa Lumumba unaonekana kuwa na sehemu zisizolingana. Alama zake zimeshinda kila upinzani, kiasi cha kuheshimiwa hata na waliomwangusha. Fikra yake ya nchi moja imekuwa imani ya Wakongo wengi, na katika Grand Nord imestahimili vita, ubaguzi wa Kinshasa na tamaa za majirani. Jina lake limetumika kuua, na yeye mwenyewe alitumia jeshi ambalo hakuweza kulidhibiti. Lakini kanuni iliyomweka madarakani, kwamba anayetawala hutoka kwa waliochaguliwa, hujibu mbele yao na huondolewa nao tu, ndiyo iliyouawa kabla yake na ndiyo inayoendelea kuahirishwa.

Walimu wanaowafundisha watoto wa Butembo na Beni habari za tarehe 30 Juni na 17 Januari wawafundishe pia tarehe 23 Juni na 7 Septemba 1960, ili kijana ajue kwamba babu zake waliwahi kuwa na bunge lililomkatalia rais na waziri mkuu kwa wakati mmoja. Wabunge wanaoiwakilisha Kivu Kaskazini Kinshasa, kila wanapoletewa ombi la kuongeza siku nyingine 15, wadai hesabu ya siku 15 zilizotangulia kabla ya kuinua mikono. Na serikali inayoweka mashada ya maua Limete kila mwezi Januari iwarudishie wakaaji wa Beni na Butembo viongozi waliowachagua wenyewe, kwa sababu deni la taifa hili kwa Lumumba linalipwa kwa kura zinazohesabiwa na kwa watawala wanaoitwa kujibu.